Mama Recho na Faili la Josho

Kwa miaka mitatu, kila Alhamisi asubuhi, ng'ombe wa Gwata hawakuingia joshoni mpaka Mama Recho afike na kompyuta yake mgongoni. Sitanii. Ng'ombe mia tisa na ushee wamesimama kwenye vumbi, wenye mifugo wameegemea fimbo zao, dawa imeshakorogwa, na wote wanamsubiri mwanamke mmoja ambaye yuko nyumbani anatafuta chaja. Akifika anaingia ofisi ya kata, anakalia kiti changu bila kuniomba, na baada ya robo saa printa inatoa karatasi ya foleni. Hapo ndipo ng'ombe wa kwanza anaruka majini.

Kiti ni changu kwa sababu mimi ndiye karani wa ofisi. Naitwa Latifu Kitwana, kwetu Kurui, na Gwata nimeletwa na kazi. Wafugaji wa huku wengi ni Wasukuma waliohamia na mifugo yao, na sisi Wazaramo ni watani wao, kwa hiyo wananikejeli wanavyotaka nami nawalipa papo hapo. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani nina chuki na yeyote nitakayemtaja. Nina hasira tu, na hasira zangu nyingi ni za kiti.

Jina hasa la Mama Recho ni Martina. Alizaliwa Sengerema, akaletwa Pwani na wazazi wake akiwa bado ananyonya, akakulia nyuma ya ng'ombe, akaolewa na Isaya, fundi pikipiki. Baada ya ndoa alisoma cheti cha kompyuta kwenye chuo kimoja cha Kibaha mjini, miezi tisa, na miezi yote tisa alikuwa mjamzito. Hajawahi kujisifia hilo. Nililijua kwa sababu daftari lake la chuo lina kila somo isipokuwa la siku moja, na nilipomuuliza akaniambia kwamba siku hiyo alikuwa leba. Somo lenyewe lilihusu namna ya kuifunga programu iliyokwisha kuandikwa, na tutalifikia.

Programu ya josho aliiandika mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na sababu ilikuwa ugomvi. Kundi la kwanza kuingia joshoni hukuta dawa kali, kundi la mwisho hukuta tope. Watu walichapana fimbo kila wiki. Walimkatalia afisa mifugo, wakamkatalia diwani, wakamkatalia na mwenyekiti wa kamati ya josho, Mzee Ngeleja, ambaye ndiye baba yake Isaya. Martina akaandika programu inayokumbuka nani alitangulia wiki iliyopita na kumrudisha nyuma wiki hii, na watu wale wale waliokataa kila binadamu wakaikubali karatasi. Walisema kompyuta haina shemeji.

Programu hiyo ina klasi kumi na saba. Klasi, kwa alivyonieleza, ni kipande cha programu chenye kazi yake na faili lake. Nyingine zina majina ya kazi, kama Dawa na Foleni, lakini sita alizipa majina ya watu wa nyumbani kwake, kwa heshima. Klasi inayohesabu vichwa na kutosahau hata ndama inaitwa Rahabu, jina la mama mkwe wake. Inayochapa karatasi ni Isaya. Inayouliza kwa nini, mtu akiingiza namba ya ajabu, ni Recho, mwanawe, ambaye sasa ana miaka saba na bado anauliza. Na ile inayoanza kabla ya zote ni Ngeleja. Ina mistari sita tu, na kazi yake ni kuwaamsha wengine wafanye kazi. Nilimwambia hata nyumbani mzee hana kazi nyingine, akajifanya hajasikia.

Sasa sikilizeni taabu ilipo. Katika mji ule wa Mzee Ngeleja mkamwana, yaani mke wa mtoto, halitaji jina la mkwe wake. Halisemi wala haliandiki. Kuliona si kosa, kosa ni kulitoa, kwa mdomo au kwa kidole. Hata ndani ya programu majina ya wakwe aliyaandika Isaya. Kadi ya kliniki ya Recho ina majina mawili na kistari, kwa sababu nesi alipouliza jina la tatu Martina alitazama dari. Naye mzee hamwiti mkamwana wake kwa jina lolote, si Martina wala Mama Recho. Akimhitaji anakohoa mara moja, kikohozi kifupi kikavu, na Martina popote alipo, jikoni au kisimani au simu iko sikioni, anaitika, "Abee, Baba." Kuna mwaka mzee aliugua mafua wiki nzima, na yule mama aliitika wiki nzima.

Mzee mwenyewe kuitwa kwake kuna utaratibu. Siku yangu ya kwanza kupeleka barua kwenye mji huo nilisimama langoni nikasema kwa pumzi moja, Mzee Ngeleja kuna barua yako ya kikao kutoka kwa mtendaji. Alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwangu na hakugeuka. Akatoka Bi Rahabu, mkewe, akanieleza kwa upole kwamba hapa mtu huita jina la mzee, kisha hunyamaza, huteremsha mikono, na husubiri mpaka mzee aitike. Akishaitika ndipo unasema shida yako. Usiposubiri, hujaita. Nikarudi langoni, nikaita upya, nikateremsha mikono. Mvua ilikuwa inanyesha. Mzee alingoja barua ilowe vizuri, kisha akasema naam.

Kwa hiyo kila Alhamisi ofisini kwangu palikuwa na mchezo. Kuianzisha programu sharti uandike neno java, na kando yake jina la klasi ya kwanza. Martina aliandika java, akainuka, akaenda dirishani. Isaya akakaa na mikono yake ya grisi, kwenye kiti changu, akaandika Ngeleja kwa vidole viwili, kisha akateremsha mikono mapajani na kutulia. Lilikuwa jina la baba yake, hata kwenye kompyuta hakuweza kulitaja na kuendelea na mambo mengine. Akishatulia kiasi cha kutosha anainuka, Martina anarudi, anabonyeza enta, na programu inaamka. Enta ilikuwa kazi ya Martina. Nimewatazama wakifanya hivyo kwa miaka mitatu, na kitu pekee nilichokiona ni grisi kwenye kiti.

Mwezi wa pili mwaka huu Martina akapata barua ya ajira. Ualimu wa kompyuta, shule moja ya sekondari huko Maneromango, kusini kabisa ya Kisarawe, aripoti Jumatatu ya mwisho ya mwezi. Alikuwa ameomba kazi hiyo mara tatu katika miaka mitano. Nilimwona akiisoma barua kwenye kibaraza cha ofisi, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena, kisha akanisalimia kwa mara ya pili asubuhi ile kama vile hatujaonana. Mimi naijua barabara ya Maneromango, mvua ikinyesha hata trekta linaomba radhi, na nikamwambia hivyo. Alisema angetembea kwa miguu.

Isaya alikubali kumfuata, kwa kuwa pikipiki huharibika kila mahali. Alikwenda kwa baba yake, akamwita, akateremsha mikono, akasubiri. Mzee hakuitika. Alikaa anaangalia ng'ombe wake mpaka jioni. Hakusema aende wala hakusema asiende, na kesho yake likaja neno kwa mdomo wa Bi Rahabu kwamba siku josho litakapojiendesha bila mkamwana, ndipo mambo mengine yatazungumzwa. Walikuwa na wiki tatu.

Kwa hiyo ilibidi programu ihame kutoka kompyuta ya Martina kwenda kwenye kompyuta ya ofisi, na iwe kitu ambacho hata mimi naweza kukiendesha. Hayo ni maneno yake, hata mimi. Alinipa flashi yenye mafaili kumi na saba akanituma niyanakili. Nilinakili kumi na moja. Yale sita mengine niliona yana majina ya watu, nikadhani ni mambo ya familia, na mimi si mtu wa kuchungulia mambo ya familia za watu. Programu haikuamka, bila shaka, kwani niliacha nje mzee, mkewe, mwanawe na mjukuu wake. Martina aliponiuliza kwa nini, nilimjibu kwamba nilikuwa najiheshimu.

Hapo ndipo alipoamua kuyafunga yote kumi na saba yawe faili moja, kifurushi kimoja kisichoweza kuachwa nusu na karani. Faili la namna hiyo huitwa jar. Ndani yake huwekwa karatasi ndogo iitwayo manifesti, kama ile ya abiria wa basi, na ndani ya manifesti unaandika mstari mmoja unaotaja klasi ya kuamshwa kwanza. Mtu akibofya kifurushi mara mbili, kompyuta inausoma mstari ule, inamwamsha aliyetajwa, naye anawaamsha wenzake. Hakuna cha kuandika java, hakuna cha Isaya, hakuna cha Martina. Alinieleza hayo macho yanang'aa, akasema likikubali tu hilo, yeye ni wa Maneromango.

Akaandika manifesti mpaka penye nukta mbili, akaenda dirishani. Isaya akakaa, akaandika Ngeleja, akateremsha mikono, akatulia, akainuka. Martina akarudi, akaihifadhi manifesti, akafunga kifurushi. Mimi nikapewa heshima ya kubofya. Nikabofya mara mbili na kompyuta ikakaa kimya. Martina akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akajaribu kwa njia ile, likatoka jibu la Kiingereza. Nikaomba nitafsiriwe. Akasema linasema kifurushi hiki hakijamtaja mkuu wake.

Tukaifungua manifesti tukaitazama. Mkuu alikuwa ametajwa. Jina lipo, herufi zote zipo, nukta mbili zipo. Tukamwita Isaya alifute jina na kuliandika upya, akaandika, akateremsha mikono, akainuka, na jibu likawa lile lile. Martina alitafuta msaada kwenye simu, akapanda hadi kwenye kichuguu cha nyuma ya ofisi penye mtandao, na kila aliyewahi kujibu swali hilo duniani alisema taja klasi kuu. Alishuka kichuguuni akiwa na uso ambao sikuupenda.

Kosa langu la pili lilikuwa mdomo. Niliwaambia wanakamati kwamba kompyuta ya ofisi inasema haijui mkuu ni nani. Kamati ikakaa kesho yake asubuhi, na ajenda ilikuwa moja, kompyuta ya serikali kukataa kumtambua mwenyekiti. Wapo waliosema ni dharau. Afisa mifugo, Ipyana, Mnyakyusa anayependa taratibu kuliko mishahara, alisema hakuna dharau hapo, ni utaratibu tu. Mtu akienda ofisi ya serikali asikotambulika anatakiwa awe na barua ya utambulisho. Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania, na watu wote wakaitikia kwa vichwa kwamba kweli, mzee hana barua.

Barua za utambulisho Gwata naandika mimi. Kwa hiyo nilikaa, kwenye kiti changu, nikaandika kwamba tajwa hapo juu ni mkazi halali wa kata hii, namfahamu kwa tabia njema, naomba apewe ushirikiano. Kwenye nafasi ya anayeandikiwa nikaweka Kompyuta, Ofisi ya Kata. Nikagonga muhuri. Martina aliipokea barua ile kwa mikono miwili kwa sababu mzee alikuwa amesimama mlangoni, akaipiga picha kwa simu, akaitia ndani ya kifurushi pamoja na zile klasi kumi na saba, akafunga. Jibu likawa lile lile.

Ipyana akasema barua bila picha ya pasipoti ni karatasi tu. Mzee akapanda pikipiki mpaka Mlandizi akapiga picha mbili, nyuma bluu, koti amevaa la harusi ya Isaya. Zote mbili zikaingia kifurushini. Faili lililokuwa dogo kuliko picha ya kuku sasa lilikuwa zito kuliko mafaili yote ya kata, na bado halikujua mkuu wake. Martina alikuwa anajua vyema kwamba mambo haya hayana maana yoyote. Aliniambia alikubali kwa sababu kila siku wanayoitumia kutafuta picha ni siku ambayo hawajasema kazi imeshindikana.

Nilitoa ushauri nami. Kwanza nikasema klasi ile ibadilishwe jina, iitwe Mlango. Mzee akasema ameondolewa na ukame, ameondolewa na wenye mashamba, hataondolewa kwenye faili. Basi nikajitolea niliandike jina lake mwenyewe, pengine kidole cha Isaya kina grisi nyingi. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia, akasema, "Mzaramo akiniita mbele za watu, siku hiyo ng'ombe wangu wote watakunya kama mbuzi." Jina lake lingeandikwa na mtu mzima wa damu yake au lisiandikwe. Nilimjibu inavyostahili, lakini majibu yangu hayakusaidia kitu.

Ikafika Ijumaa, na Jumatatu ndiyo ya kuripoti. Isaya alikuwa ameondoka Alhamisi, baada ya josho, kwenda Maneromango kutafuta nyumba, kwa imani ambayo mimi sikuwa nayo. Martina alikuja peke yake saa tatu, akakalia kiti changu, akakifungua kifurushi, akaangalia barua yangu, picha mbili za mkwe wake, na ule mstari ambao hauna kosa. Kisha akafuta. Alifuta kifurushi, akafuta manifesti, akafuta picha na barua, akabakiza zile klasi zake tu, akisema ataanza upya kama mtu mwenye akili timamu. Akaandika manifesti mpya mpaka kwenye nukta mbili. Akainuka, akaenda dirishani, na huko dirishani ndipo akakumbuka kwamba Isaya hayupo.

Akalia. Hakupiga kelele, alisimama tu ameshika nondo za dirisha na mabega yanatikisika. Mwanamke aliyesoma na mimba, aliyewanyamazisha wanaume wa kata nzima kwa karatasi, alikuwa amebakiza neno moja aondoke, na neno lenyewe hawezi kuliandika. Niliona aibu. Niliwaza kiti changu na vinyongo vyangu vyote vya kiti, nikajiona mtu wa hovyo sana. Nikatoka bila kuaga, nikaazima pikipiki ya Ipyana, nikaenda kwa mzee. Langoni niliita, nikateremsha mikono, nikasubiri. Alipoitika nilimwambia kwamba aliyetakiwa kulitaja jina lake hayupo, na damu yake iliyobaki ni yeye mwenyewe.

Alipanda nyuma ya pikipiki, tukaja. Kwenye mlango wa ofisi akakohoa.

"Abee, Baba," Martina akasema, akajifuta uso kwa khanga.

Mzee akakaa. Alikuwa hajawahi kugusa kompyuta, lakini jina lake anajua kuliandika, alilisomea elimu ya watu wazima kule Magu na ndilo neno pekee analoliandika bila kukunja uso. Akauliza aanzie wapi. Hapo tukakwama kidogo, kwa sababu herufi ya kwanza lazima iwe kubwa, na herufi kubwa inataka vidole viwili, kimoja cha kushikilia shifti. Mzee alikuwa na kidole kimoja tu anachokiamini. Martina akapiga goti kando ya kiti, akanyoosha mkono, akashikilia shifti, akageuzia uso wake ukutani. Kushikilia shifti si kulitaja jina. Mzee akabonyeza N.

Nyingine alizitafuta mwenyewe. Alizipita mara mbili mbili akiwa anazitazama, na mimi nilijizuia kumwelekeza kwa nguvu ambazo sikujua ninazo, maana adhana ya Ijumaa ilikuwa imekaribia. Alipomaliza a ya mwisho alitazama kioo muda mrefu. Kijistari cha kuandikia kilikuwa kinawaka na kuzima, kimeganda ubavuni mwa jina lake.

"Mtani," akaniambia, "mtu ameitwa hapa. Anaitikia wapi?"

Nilitaka kucheka. Martina hakucheka. Aligeuka kutoka ukutani, akakitazama kijistari kile, akanitazama mimi, akakitazama tena, na nikaona midomo yake inasogea bila sauti. Alikuwa anamwona Isaya. Isaya anaandika jina, anateremsha mikono, anatulia, anainuka. Alhamisi zote za miaka mitatu enta ilibonyezwa na Martina, na kwenye manifesti hakuna aliyeibonyeza, kwa sababu yeye alirudi akakuta jina lipo, akahifadhi tu. Baadaye alinieleza kwamba mstari wa mwisho wa manifesti usipofungwa kwa enta, kompyuta huuhesabu kuwa mwenye kusema hajamaliza, na huuruka wote. Kwa macho huoni kitu. Nadhani hilo ndilo somo lililofundishwa siku Recho alipozaliwa.

"Baba," akasema, "bonyeza kile kitufe kirefu cha kulia. Ndicho cha kuitikia."

Mzee akakibonyeza kwa kidole chake. Kijistari kikashuka chini ya jina, kikasimama kwenye mstari mtupu.

Martina alifunga kifurushi upya. Mzee akauliza barua yake ya utambulisho iko wapi. Ilikuwa imefutwa. Basi tukaipiga picha tena kutoka kwenye jalada, na zile picha za pasipoti nazo, vikaingia vyote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Kisha nikabofya mara mbili. Ngeleja akaamka, akamwamsha Rahabu, Rahabu akahesabu vichwa, Isaya akaiamsha printa, na karatasi ya foleni ikatoka saa sita kasoro, siku ambayo hakuna hata ng'ombe mmoja aliyekuwa joshoni.

Mzee aliishika karatasi ikiwa bado ya moto. Nilidhani atafurahi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anahesabu mambo mengine, kwamba sasa josho halimhitaji tena mkamwana wake, na lile alilosema litazungumzwa limefika mezani.

"Isaya aliniita kwa habari ya Maneromango," akasema. Alikuwa anaiambia karatasi, lakini ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akizungumza na mkamwana wake bila kupitia kwa mtu. "Nikanyamaza. Wiki tatu watu wameteremsha mikono wananisubiri." Akaikunja karatasi. "Naam. Nenda."

Martina alibaki amepiga goti pale pale kwenye sakafu ya ofisi, akasema asante, Baba, kisha akalia tena, safari hii kwa sauti. Mimi nikaenda msikitini, nikachelewa, nikasali nje.

Jumamosi aliondoka na Recho, sanduku moja na kompyuta. Alhamisi iliyofuata niliwasha kompyuta ya ofisi, nikakalia kiti changu mwenyewe, nikabofya mara mbili, na karatasi ikatoka kabla chai yangu haijapoa. Ng'ombe waliingia joshoni saa mbili. Watu walinisifu. Sijui kwa nini sikufurahia.

Mzee Ngeleja alikuja baadaye, foleni ikiwa imeisha, akasimama mbele ya meza yangu. Akauliza kama faili linafanya kazi. Nikasema linafanya. Akauliza kama linaweza kumwita na mtu aliye mbali. Nikamwambia haliwezi, lakini simu ipo. Akasema simu anayo, Isaya alimnunulia, ila hajui mtu anaanzaje, na nikaelewa kwamba hana jina la kuanzia.

Nikapiga mimi. Ikaita mara nyingi, nadhani alikuwa darasani, kisha ikapokelewa, na nikampa mzee simu kabla sijasema chochote. Aliishika kwa mikono miwili. Kisha akakohoa, mara moja, kikohozi kifupi kikavu.

"Abee, Baba," ikasema simu.

Mzee akavuta kiti changu, akakaa, akaanza kumweleza habari za josho.